Niyonsaba, Wambui na Semenya hawakubadili jinsia: tujue kwanza tunabishania nini

Mwalimu wa Kiwanjani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 2016, yapata saa tisa kwa saa zetu, nilikuwa nimekaa mbele ya televisheni nikiwa nimepunguza sauti ili nisiwaamshe watoto. Kule Rio de Janeiro fainali ya mita 800 wanawake ilikuwa inaanza. Waliomaliza mbele walikuwa Waafrika watatu: Caster Semenya wa Afrika Kusini kwa dakika 1:55.28, Francine Niyonsaba wa Burundi kwa 1:56.49 na Margaret Wambui wa Kenya kwa 1:56.89. Kwa Burundi ile ilikuwa medali ya pili tu ya Olimpiki, ya kwanza ikiwa dhahabu ya Vénuste Niyongabo ya mita 5,000 mwaka 1996. Nilishangilia peke yangu, kimya kimya, kama mwizi.

Miaka mitatu baadaye wote watatu walikuwa wamefungiwa mlango wa mbio hizo na shirikisho la riadha la dunia, isipokuwa wakubali kushusha homoni zao za testosteroni kwa dawa.

Ninafungua uzi huu kwa sababu kila ubishi wa jinsi ya mwili dhidi ya utambulisho wa kijinsia unapozuka, picha za hawa watatu hurushwa mitandaoni kama ushahidi kwamba kuna wanaume wanaojiita wanawake ili wapore medali. Wanaozirusha wako pande zote mbili. Mmoja anasema "mnaona, hawa ndio waliobadili jinsia," na mwingine anajibu "waacheni, mtu ni vile anavyojitambua." Wote wawili wamekosea, na wamekosea kwa namna ileile: hakuna hata mmoja kati ya wakimbiaji hawa aliyebadili chochote. Walizaliwa, mkunga akatazama, familia ikaambiwa ni mtoto wa kike, wakapewa majina ya kike na kupelekwa shule wakiwa wasichana. Hawakuamka siku moja na kutangaza utambulisho mpya. Kilichowafungia mlango ni kitu kilichokuwa ndani ya miili yao tangu tumboni mwa mama zao, tena bila wao kukijua.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Fomu ya shule au ya zahanati inauliza "Jinsi: Me/Ke", na hapo inauliza habari ya mwili. Tukisema "dawati la jinsia" pale kituo cha polisi, tunazungumzia namna watu wanavyoishi na kutendeana katika jamii. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kawaida tunayachanganya maneno haya mawili, na mimi nayachanganya pia, lakini tofauti ipo na inatumika. Tena kiambishi chetu cha nafsi ya tatu hakibagui: amekimbia, ameshinda, analia. Ule ugomvi wa Wazungu juu ya kiwakilishi gani atumiwe nani haututokei kabisa tunapoandika Kiswahili, na ndiyo sababu tunapouagiza ubishi wao mzimamzima tunajikuta tunapigania vitu ambavyo kwetu havina hata neno.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili nisionekane nazunguka mbuyu. Naamini mashindano ya wanawake lazima yawe na mpaka, na mpaka huo utokane na mwili, kwa sababu ni mwili unaokimbia. Rekodi ya dunia ya mita 800 wanaume ni ya David Rudisha, 1:40.91, aliyoiweka London mwaka 2012. Ya wanawake ni ya Jarmila Kratochvílová, 1:53.28, ya tangu mwaka 1983. Pengo hilo ni kama asilimia 12, na kwa mbio za daraja la juu halizibwi kwa mazoezi wala kwa moyo. Bila mpaka, binti zetu hawataiona fainali. Lakini naamini vilevile kwamba namna mpaka huo ulivyochorwa juu ya miili ya mabinti wa Kiafrika ni jambo la aibu, na kwamba aibu hiyo haitokani na sayansi bali na tabia za watu.

Naomba kuwasilisha.

Mkunga Mstaafu

Mwalimu, ahsante kwa uzi wenye adabu. Nimezalisha kwa zaidi ya miaka thelathini, mikoa mitatu, na ningependa kueleza kidogo kinachotokea, kwa kuwa naona wengi wanadhani mtoto wa aina hii ana "sehemu zote mbili kamili". Hiyo ni hadithi ya vijiweni.

Mimba ikiwa na wiki sita hivi, kijusi bado kina vifaa vya kuelekea upande wowote. Kwa kawaida, kijusi chenye kromosomu Y huwa na jeni iitwayo SRY, ambayo iligunduliwa mwaka 1990, na hiyo ndiyo inayoamuru kokwa, yaani korodani, zianze kutengenezwa. Kokwa zikishakuwapo hutoa testosteroni. Sasa sikilizeni hapa: testosteroni peke yake haitoshi kujenga uume wa nje. Kuna kimeng'enya kinachoigeuza kuwa homoni kali zaidi, na hiyo homoni kali ndiyo inayochonga maumbile ya nje. Mtoto akikosa kimeng'enya hicho, atakuwa na kokwa ndani ya tumbo au kwenye nyonga, lakini nje nitakachokiona mimi, usiku, kwa taa ya chemli, ni mtoto wa kike. Nitaandika Ke. Na sitakuwa nimedanganya.

Akifika umri wa kuvunja ungo, havunji. Badala yake sauti inazama, mabega yanapanuka, na misuli inakuja, kwa kuwa testosteroni yenyewe sasa ipo ya kutosha. Huko Jamhuri ya Dominika kuna kijiji kinachoitwa Salinas ambako hali hii ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba watu walikuwa na jina lake, na madaktari waliiandika mwaka 1974.

Wapo wengine ambao mwili wao una kromosomu XY na kokwa, lakini chembe hai za miili yao ni kiziwi kabisa kwa testosteroni. Hao huota matiti, hubaki na umbo la kike, na mara nyingi hugunduliwa tu pale mama anapomleta binti wa miaka kumi na sita au kumi na saba akisema hajaona hedhi. Nimemwona mmoja. Mama yake aliniuliza swali moja tu: "Ataolewa?"

Kwa hiyo mkisema "wapimwe tu, ijulikane," mjue kwamba mabinti hawa wawili wana jeni ileile, ilhali mwili wa mmoja umepata nguvu za kiume na wa mwenzake haukupata kitu.

Mzazi wa Mkimbiaji

Nawaheshimu wote wawili, lakini mimi nitasema la upande ambao hauzungumzwi.

Katika fainali hiyohiyo ya Rio kulikuwa na mwanamke wa nne. Melissa Bishop wa Kanada alimaliza kwa 1:57.02, yaani sehemu kumi na tatu za mia za sekunde nyuma ya Wambui, na akarudi nyumbani bila kitu. Uzi mzima unaweza kuandikwa juu ya huruma kwa watatu wa mbele bila jina lake kutajwa hata mara moja. Binti yangu ana miaka kumi na tano na anakimbia mita 800. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Nikimwambia kwamba kuna mpinzani mwenye kokwa zinazotoa testosteroni ya kiwango cha mwanamume, na kwamba anapaswa kukubali kwa sababu mpinzani huyo ana cheti cha kuzaliwa kinachosema Ke, nitakuwa namtendea haki gani?

Takwimu zenyewe za shirikisho la riadha la dunia zinasema wanawake kwa kawaida wana testosteroni chini ya nanomoli 2 kwa lita, na wanaume kuanzia karibu 8 hadi 29. Hakuna daraja kati ya makundi hayo, kuna korongo. Mtu hakulichagua korongo, sawa, lakini na binti yangu hakulichagua.

Mwalimu wa Kiwanjani (mleta uzi)

Mzazi mwenzangu, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote kwenye suala hili na siipuuzi. Ndiyo maana nilisema mpaka ni lazima. Tena historia ya Semenya mwenyewe inakuunga mkono kwa kiasi fulani: kati ya mwaka 2010 na 2015 alimeza vidonge vya kushusha homoni, na amesema wazi kwamba vilimwumiza, katika miaka hiyo kasi yake ilishuka, na dhahabu yake ya London 2012 aliipata baadaye, baada ya Mrusi aliyemshinda kunaswa na dawa za kusisimua misuli. Kanuni iliyomtaka azishushe iliposimamishwa mwaka 2015, baada ya mkimbiaji wa India Dutee Chand kuipinga mbele ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, Semenya akarudi kwenye kasi yake. Mtu mwenye macho anaona uhusiano hapo. Hata hivyo ukumbuke kwamba muda wake bora kabisa, 1:54.25, haujaifikia ile rekodi ya mwaka 1983, wala 1:54.01 ya Pamela Jelimo wa Kenya ya mwaka 2008.

Ninachobishana nacho ni namna. Tazama walivyofika hapa walipo.

Mwaka 1966, kwenye mashindano ya Ulaya mjini Budapest, wanariadha wa kike walipangwa wapite wakiwa uchi mbele ya madaktari. Malalamiko yalipozidi, wakahamia kwenye kipimo cha kromosomu, na Olimpiki ya Mexico ya 1968 ikakitumia. Kipimo hicho kilimwangusha María José Martínez-Patiño wa Hispania mwaka 1985. Alikuwa mruka viunzi, na mwili wake ni wa lile kundi la pili alilolieleza Mkunga, la chembe zilizo kiziwi kwa testosteroni. Hakuwa na faida yoyote. Alipoteza nafasi yake, udhamini wake na mchumba, na ilichukua hadi mwaka 1988 kukubaliwa kwamba anastahili kushindana. Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 wanawake 3,387 walipimwa, wanane wakakutwa na jeni ya SRY, na wote wanane wakaruhusiwa. Baada ya hapo Kamati ya Olimpiki ikaachana na upimaji wa jumla kabla ya Sydney.

Halafu ikaja Berlin mwaka 2009. Semenya ana miaka kumi na minane. Saa chache kabla ya fainali, dunia nzima inaambiwa kwamba anachunguzwa kama ni mwanamke. Binti wa kijijini Limpopo anaingia uwanjani huku watu mabilioni wakijadili sehemu zake za siri, anashinda kwa 1:55.45, na hata mkutano na waandishi wa habari haletwi. Viongozi wa riadha wa nchi yake walikuwa wamempima kabla ya safari bila kumweleza kipimo ni cha nini, kisha wakakana hadharani, na baadaye rais wa chama chao cha riadha akakiri kwamba alidanganya.

Na karibu zaidi na nyumbani, kuna Annet Negesa wa Uganda, bingwa wa mita 1,500 wa Michezo ya Afrika mwaka 2011. Aliondolewa kabla ya London 2012, akafanyiwa upasuaji wa kuondoa kokwa za ndani, na ameeleza mwenyewe kwamba hakuelezwa sawasawa anachofanyiwa. Shirikisho limekana kumshauri afanyiwe upasuaji. Hakurudi tena kwenye kiwango chake. Mwaka 2019 alijitokeza hadharani akiwa Ujerumani, alikoomba hifadhi. Ukiisoma habari hiyo huku una wanafunzi wa kike unaowafundisha mbio, unakosa usingizi.

Mtu wa Vitabu

Niongeze kuhusu sayansi yenyewe, maana naona imepewa heshima kubwa mno. Kanuni ya mwaka 2018, ile iliyotaka testosteroni iwe chini ya nanomoli 5 kwa lita, ilisimama juu ya utafiti wa mwaka 2017 uliofanywa na watu wa shirikisho lenyewe. Utafiti huo ulikuta wanawake wenye testosteroni ya juu wakifanya vizuri zaidi katika mita 400, mita 400 viunzi, mita 800, kurusha nyundo na kuruka kwa fito. Kanuni ilipotoka, nyundo na fito hazimo, lakini mita 1,500 na maili, ambazo hazikuonekana katika utafiti, zimo. Mwaka 2021, baada tu ya Olimpiki ya Tokyo, jarida lililouchapisha likatoa masahihisho yaliyokubali kwamba maneno yake yangeweza kupotosha kwa kudokeza kwamba homoni ndiyo iliyosababisha.

Sisemi kwamba testosteroni haifanyi kazi. Ninasema waliochora mstari walianza na mbio walizotaka kuzifunga.

Wakili wa Pwani

Kwa upande wa sheria, nifupishe bila kupotosha. Tarehe 1 Mei 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliikataa rufaa ya Semenya kwa wasuluhishi wawili dhidi ya mmoja. Inafaa kukumbuka walichosema: kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, ila ubaguzi huo ni wa lazima, una mantiki na unalingana na lengo la kulinda mashindano ya wanawake. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi ikaunga mkono mwaka 2020. Semenya akaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Mwaka 2023 akapata ushindi wa majaji wanne dhidi ya watatu, na tarehe 10 Julai 2025 jopo kuu likasema, kwa kura 15 dhidi ya 2, kwamba Uswisi haikumpa usikilizwaji wa haki. Wengi waliandika kwamba "Semenya ameshinda". Ameshinda habari ya kusikilizwa. Kanuni yenyewe jopo halikuigusa, na madai yake ya faragha na ubaguzi hayakupokelewa.

Wakati huohuo kanuni zilizidi kukaza. Machi 2023 kizingiti kilishushwa hadi nanomoli 2.5, ambacho mwanariadha alitakiwa akae chini yake kwa miezi 24, na kwa mbio na michezo yote ya riadha, si kuanzia mita 400 hadi maili pekee. Katika kikao hichohicho, wanawake waliobadili jinsia baada ya kupitia balehe ya kiume walizuiwa kabisa kwenye mashindano ya kimataifa ya wanawake. Kisha kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 kila anayetaka kushindana katika kundi la wanawake kwenye mashindano ya dunia hupimwa jeni ya SRY mara moja maishani, kwa kukwangua ute wa ndani ya shavu au kwa damu. Wale ambao miili yao haisikii testosteroni kabisa wameachiwa njia, kwa hiyo yaliyompata yule Mhispania hayatakiwi kujirudia, angalau kwenye karatasi.

Naomba mtazame kwamba makundi mawili, waliozaliwa hivyo na waliobadili jinsia, yalifungwa katika siku moja na ukumbi mmoja. Mkanganyiko anaoulalamikia Mwalimu haukuanzia mitandaoni.

Mpita Njia

Maneno mengi. Mungu aliumba mume na mke. Uingereza wenyewe waliotuletea haya mambo wamerudi kwenye mstari mwaka 2025. Mjadala umefungwa.

Wakili wa Pwani

Ndugu Mpita Njia, ile hukumu niliisoma yote, na haisemi kinachosambazwa. Tarehe 16 Aprili 2025 majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walikubaliana kwa kauli moja kwamba neno "mwanamke" katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 linamaanisha jinsi ya kibayolojia, na kwamba cheti cha kutambuliwa jinsia kinachotolewa chini ya sheria ya mwaka 2004 hakibadili maana hiyo. Walisema pia kwamba watu waliobadili jinsia bado wanalindwa dhidi ya ubaguzi kwa sheria hiyohiyo. Swali lilikuwa la kutafsiri sheria moja ya nchi moja. Niyonsaba hahusiki nalo hata kidogo, kwa kuwa yeye hakuwahi kuomba cheti cha kutambuliwa chochote. Hiyo ndiyo hoja ya uzi.

Mwanafunzi wa Madrasa

Assalaam alaykum. Kwa kuwa dini imetajwa, niseme kwamba wazee wetu wa Pwani wasingeshangazwa na Mkunga. Neno huntha, yaani mtu ambaye mwili wake haujabainika kuwa wa kiume au wa kike, lipo kwenye Kiswahili tangu zamani, na liliingia kupitia vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, ambavyo vina mlango wake mzima. Mafakihi waliulizana kwa makini: mkojo unatoka wapi, ukitoka kote kuwili, unaanzia wapi, na kama bado haijabainika, angojewe abalehe, itazamwe kama atatokwa na manii au atapata hedhi. Asiyebainika kabisa anaitwa huntha mushkil. Katika mirathi, Mashafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, wanampa kile ambacho ni yakini kwamba ni haki yake kwa vyovyote, na kinachobaki kinawekwa hadi jambo libainike. Katika sala ya jamaa husimama nyuma ya safu za wanaume na mbele ya safu za wanawake.

Mambo mawili nayaona hapo. La kwanza, waliangalia mwili, hawakumwuliza mtu anajisikiaje. Kwa hiyo anayetafuta utambulisho wa kijinsia wa kisasa kwenye vitabu hivyo hataukuta. La pili, hawakumfukuza msikitini. Walimtafutia safu.

Mzazi wa Mkimbiaji

Hilo la safu limenigusa. Kumbe si wazo geni: Wambui mwenyewe mwaka 2021 alipendekeza liwepo kundi la tatu kwa wanariadha wenye testosteroni ya juu. Ningeliunga mkono kesho.

Mkunga Mstaafu

Mzazi, wazo ni zuri masikioni. Lakini fikiria binti wa miaka kumi na saba anayetokea kijiji ambacho kila mtu anamjua babu yake. Unamwambia apange foleni kwenye kundi la tatu, mbele ya wilaya nzima. Huko si kushindana, ni kutangazwa. Kenya walipohesabu watu mwaka 2019 na kuwapa nafasi yao kwenye fomu, waliojiandikisha kuwa ni wa jinsi mbili walikuwa 1,524 tu nchi nzima. Mimi niliyeshika watoto kwa mikono hii nasema waliojificha ni wengi kuliko hao. Angalau wenzetu wana Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inayowatambua watoto wa namna hiyo.

Kijana wa Bujumbura

Niyonsaba tunamjua. Walipomfungia mita 800 hakukaa kulia, alihamia mbio ndefu ambazo kanuni ya wakati ule haikuzigusa. Olimpiki ya Tokyo alikuwa wa tano katika mita 10,000, na Septemba 2021 mjini Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000, dakika 5:21.56. Kisha mwaka 2023 wakafunga na mbio ndefu. Mzazi, nijibu kwa upole: akikimbia mita 10,000, korongo lako liko wapi? Christine Mboma wa Namibia naye alizuiwa mita 400, akateremka mita 200, akapata fedha Tokyo akiwa na miaka kumi na minane, na mwezi huohuo wa Agosti akashinda Kasarani kwenye mashindano ya dunia ya vijana. Kila wakikimbilia chumba kingine, mlango unafungwa.

Mzazi wa Mkimbiaji

Ndugu yangu wa Bujumbura, unaweza kuusoma mfano huo kwa upande wa pili. Mtu anayehama kutoka mita 800 hadi 10,000 na kuwa wa tano duniani, na mwingine anayeshuka kutoka 400 hadi 200 na kupata fedha kwa muda mfupi namna hiyo: je, hiyo haionyeshi kwamba faida ipo kila mahali? Sisemi hawakufanya mazoezi. Naomba tu usinijibu kwa machozi.

Mwalimu wa Kiwanjani (mleta uzi)

Nimeulizwa faraghani na wachangiaji wawili kwa nini suala hili linanikera kiasi hiki. Nitaeleza, bila kutaja shule wala mkoa.

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka timu kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Nilikuwa na binti wa kidato cha tatu, mrefu, sauti nzito, asiyependa kuongea kwa sababu hiyo. Alikimbia mchujo wa mita 800 peku kwa kuwa viatu vya misumari tulivyokuwa navyo jozi moja vilikuwa vya mwenzake. Alishinda kwa mbali. Kabla sijafika pale alipokuwa ameketi kunywa maji, walimu wawili wa shule nyingine walikuwa wamekwisha kumshika mkono na kumpeleka nyuma ya choo cha shule mwenyeji, pamoja na matroni, "kuhakikisha". Hakuna karatasi, hakuna daktari, hakuna aliyempigia mzazi simu. Nilipofika alikuwa anafunga mkanda wa bukta. Matroni alinitazama, akasema, "Ni msichana, mwalimu, hana tatizo," kwa sauti ambayo nusu ya uwanja waliisikia. Mmoja wa wale walimu akacheka, akasema basi tusonge mbele.

Sijui kromosomu zake. Sikuwahi kutaka kuzijua. Huenda Mzazi angesema ndiyo maana kipimo cha shavuni ni bora, kwa kuwa ni kijiti chenye pamba, dakika moja, na hakuna anayevuliwa nguo. Nakiri kwamba kati ya kijiti kile na nyuma ya choo, nachagua kijiti, ilimradi majibu yafike kwa daktari na kwa binti mwenyewe kabla hayajafika kwa kocha, kwa chama na kwa gazeti, na ilimradi awepo mtu wa kukaa naye jioni ile atakapoambiwa jambo ambalo hata mama yake hakulijua. Hilo la pili sijaliona likiandikwa popote kwenye fedha za vyama vyetu vya riadha.

Fainali ilikuwa kesho yake asubuhi.

Kijana wa Bujumbura

Alikimbia?

Mwalimu wa Kiwanjani (mleta uzi)

Alijipanga kwenye mstari. Mwenzake alimwazima vile viatu, vikambana kidogo. Alikaa nyuma ya kundi mizunguko yote miwili, akamaliza wa sita, na hakuwa anahema.

Mkunga Mstaafu

Alijizuia.

Mwalimu wa Kiwanjani (mleta uzi)

Ndiyo, mama. Njiani kurudi nilimwuliza, akaniambia alikuwa anaumwa na miguu.